Sifa za Kava Nene

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, na bibi harusi hana haja ya sifa zangu. Kava la tableti bado halijapata wa kulisemea, basi nimejitolea. Sisemei yale ya ngozi laini yanayofunguka kama pasipoti ya balozi. Nalisemea langu: la mpira mweusi, nene kama kandambili mbili zilizogandana, lenye harufu ya tairi jipya ambayo siku tatu za kuanikwa barazani hazikuitoa.

Nilidhani nitalichagua. Nikashuka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, na Galaxy Tab A9+ yangu mpya ndani ya boksi. Kijana wa kwanza akanidaka: "Mama karibu, kava la A9 lipo." Akalileta. Tableti ikakaa juu yake kama sinia juu ya kikombe. Kumbe A9 ni inchi 8.7 na A9+ ni inchi 11. Kile kialama cha kujumlisha, nilichodhani ni urembo, kimebeba inchi 2.3. Kijana hakutetereka. "Litavutika hilo, mama. Si mpira?"

Duka la pili wakanipa linaloingia tableti zote za dunia, lenye kucha nne za springi zinazokamata pembeni kama kaa. Lilikamata kweli, ila ukucha mmoja ulitua juu ya kitufe cha kuwashia, tableti ikawa inazima kila ikitikisika. Nikaambiwa nitazoea.

Ndipo likaja hili. Kwenye pakiti limeandikwa kwamba limefaulu kipimo cha jeshi, nami nikasimama wima bila kuamrishwa. Kipimo chenyewe kipo, cha Wamarekani, kinaitwa MIL-STD-810. Kitu huangushwa mara 26 kutoka sentimita 122: mara moja kwa kila uso, kila ukingo na kila pembe. Kinachoachwa nje ya pakiti ni kwamba kinaangukia plaiwudi iliyolazwa juu ya zege, na kwamba jeshi halimpi mtu cheti; mtengenezaji hujipima mwenyewe, akajisifu mwenyewe. (Simlaumu. Hata mimi hapa nasifu changu.) Mwanangu wa miaka mitano hana plaiwudi. Ana marumaru, na akifika mara ya 26 ndiyo kwanza anapata moto. Muuzaji alianzia elfu arobaini na tano, tukaachana kwenye elfu thelathini, kila mmoja akiamini amemwibia mwenzake.

Sasa fadhila zake. Wahandisi walikesha wakiikondesha tableti hii hadi milimita 6.9. Kava langu likairudishia mwili kwa sekunde nne, maana wembamba ule haukuwa wa afya. Uzito wake wa gramu 480 nao umepata kitoweo cha kutosha, na mikono yangu sasa inafungua chupa ambazo zamani nilimpa mume wangu. Aidha, limenifunza kiasi: umbea wa mitandaoni huwezi kuusoma zaidi ya dakika kumi ukiwa umelala chali. Ikikuponyoka, pua ndiyo itakayokusimulia. Kati ya spika nne limeziba mbili, na majirani wameanza kunisalimia. Mwaka 2011 Apple walipoleta iPad 2, walileta na kifuniko cha sumaku: ukikifunua, kioo kinaamka; ukikifunika, kinalala. Langu halina mambo ya kumwamsha mtu usingizini. Kitufe chake kinataka kidole gumba na nia.

Lakini fadhila kubwa niliiona ndani ya daladala la Mbagala. Nimeketi dirishani, tableti mapajani, nikijua fika kwamba kwenye foleni ile dirisha ni mlango wa vibaka. Kijana wa pembeni akalitazama kava, akanitazama mimi, akalitazama tena. "Mama," akanong'ona, "mnahesabu tena?" Sikumwelewa mara moja. Kumbe tangu Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita majumbani na vishikwambi, mtu mzima aliyebeba kitu cha bapa, cheusi, kisicho na haiba, ni wa serikali. Nikakohoa kidogo, sikukana. Kijana akaangalia pembeni hadi aliposhuka. Nani amwibie karani? Atakuuliza umelala na watu wangapi nyumbani.

Jumamosi iliyopita nililivua nilisafishe. Kulivua kunataka kucha, mpini wa kijiko, na mume aliyekwisha kula. Pembe ya kwanza ilitoa mchanga wa Kigamboni, ya pili punje tatu za wali, ya tatu kipande cha krayoni nilichomchapia mtu asiye na hatia. Pembe ya nne ilipoachia, tableti ikateleza nje, nyembamba, imeng'aa, bila mkwaruzo hata mmoja. Tuliitazama wote watatu kimya.

"Kumbe ni ya bluu?" mume wangu akauliza.

Mtoto akanyoosha mkono. Nikalirudisha kava haraka, na mchanga wake.