Wema Umepanda Bei

Tangu binti yangu arudi likizo kutoka chuoni, hakuna kinachoingia nyumbani bila kukaguliwa. Anakaa barazani, na kikapu changu kinapekuliwa kabla sijavua viatu. "Baba, hii imetengenezwa wapi? Walioitengeneza wanalipwa vizuri? Na hiyo plastiki ikishatumika inakwenda wapi?" Hilo la mwisho naliweza. Inakwenda kwenye mtaro wa nyuma, halafu masika inairudisha uani.

Sina ugomvi na mazingira. Serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, nilitii siku hiyo hiyo, na wala si kwa mapenzi tu. Ukikutwa nayo, faini ilianzia shilingi 30,000 mpaka 200,000, au siku 7 ndani. Kwa mfuko niliokuwa napewa bure na muuza nyanya! Kenya mwaka 2017 waliweka faini inayoweza kufika shilingi milioni 4 za kwao, au miaka 4 jela, kwa hiyo nilijihesabu mwenye bahati. Nikanunua kikapu. Ninacho mpaka leo, mkono mmoja umeungwa kwa kamba ya katani.

Kinachonikera ni kwamba kikapu kinasifiwa, lakini hebu jaribu kukijaza bila plastiki. Katazo lile lilihusu mifuko ya kubebea. Vifungashio vya bidhaa za viwandani viliachwa. Basi natoka dukani kwa Mangi na kikapu changu safi, ndani yake mna mkate uliovishwa plastiki, chumvi ya plastiki, sabuni ya unga ya vipakiti, na biskuti za mjukuu ambazo kila mbili zina koti lake. Anayehojiwa barazani ni nani? Ni mzee aliyebeba. Mwenye kiwanda amepita zake, tena amepandisha na vioo vya gari.

Halafu tiba anazozileta huyu mtoto! "Baba, siku hizi walioelimika wananunua kwa kupima. Unakwenda na chombo chako, unapimiwa kinachokutosha, hakuna taka." Nikamtazama mama yake, mama yake akanitazama. Mtoto huyu amekuzwa kwa sukari ya robo iliyofungwa kwenye gazeti na mafuta ya kupima yaliyofuatwa kwa chupa iliyosuguliwa kwa mchanga. Tulikuwa tunaifunika ile chupa kwa khanga ili majirani wasijue kwamba dumu limetushinda. Kumbe tulikuwa tunaokoa dunia, tukaona aibu bure.

Leo liko duka moja, upande ule wa watu wenye nafasi, linalouza mchele kwa kupima. Umejazwa kwenye mitungi ya kioo, kiyoyozi kinaupuliza, na kilo yake ni ghali kuliko ya paketi. Ukutani wametundika vikapu vya milulu kutoka Iringa. Niliuliza bei ya kikapu kimoja. Nilipojibiwa nikatoa simu, nikasema "haloo", nikatoka nje kuongea na mtu ambaye hakuwapo.

Kwenye nguo ndiko anakonivuruga kabisa. Anasema mwenye dhamiri hanunui mpya, ananunua iliyokwisha kuvaliwa. Vizuri. Miaka yote hii ninayodamka kuwahi belo likifunguliwa sokoni Karume, kumbe mimi ni mwanaharakati. Lakini hata chai haijapoa, binti huyo huyo ananiambia mitumba ndiyo imeua viwanda vyetu vya nguo, na hapo pia ana hoja. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba taratibu. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwao, na Marekani ikatukumbusha AGOA, ule mpango wa kupeleka bidhaa kwao bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo.

Sasa nisaidieni. Marais wamekaa na mawaziri wao, washauri pembeni, maji ya kunywa mezani, na shauri hilo likawashinda. Mimi nimesimama juani Karume, shati mkononi, muuzaji anapiga makofi akiimba "buku mbili, buku mbili", na kuna kijana nyuma yangu ameshalikodolea macho shati hilo hilo. Ndipo niamue hatima ya viwanda vya Afrika Mashariki? Nililinunua. Kola ilikuwa nzima.

Kuhusu mkaa sitasema mengi, kwa sababu mke wangu anasoma safu hii. Mkakati wa taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Mtungi wa gesi tunao, na chai inachemka juu yake kila asubuhi. Maharage bado hayajapewa taarifa.

Lakini kuna jambo moja ambalo mimi na binti hatubishani. Zamani hukuuziwa soda bila chupa. Ulitumwa dukani na chupa tupu, na muuzaji aliipitisha kidole mdomoni kutafuta ufa. Akiuona, unarudi nao nyumbani ukajieleze. Kama huna chupa, unaacha hela ya chupa. Hakuna aliyeitupa chupa ile, wala hatukuhitaji semina. Ilikuwa fedha. Kisha ikaja soda ya tekawei, ya chupa ya plastiki isiyo na hela ya chupa, na mzigo wa kuisafisha nchi wakaachiwa waokota makopo, wanaolipwa kwa kilo.

Kwa hiyo ombi langu haliendi kwa mnunuzi, amesemwa vya kutosha. Linakwenda kwa wenye viwanda vya soda na maji, na kwa serikali iliyoweza kunitoza mimi faini ya mfuko. Rudisheni hela ya chupa. Iwekeni hata kwenye hizo za plastiki, shilingi 100 tu, anayeirudisha arudishiwe. Muone kama kuna mtoto mtaani kwetu atakayeiruka moja njiani.