Waheshimiwa, na sisi tunaomba kikomo

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Bunge la Jimbo la Maryland, Annapolis.

Barua hii inatoka Rockville, makao ya Kaunti ya Montgomery. Mahakama ya kaunti ipo Maryland Avenue, na kituo cha treni ya Red Line kinampeleka mtu moja kwa moja mpaka Gallery Place, chini ya ukumbi ambamo Washington Wizards huchezea mpira wa kikapu. Kwa hiyo safari moja inakukutanisha na mahakama, na uwanja, na abiria walioinamia simu wakipanga mikeka yao. Ni njia nzuri ya kuitafakari haki. Nimeitafakari, na nimeona kwamba ninyi Waheshimiwa mna kifaa adimu sana mikononi, ila katika kukigawa mmefanya upendeleo kidogo. Kifaa chenyewe kinaitwa kikomo.

Mlikianza mwaka 1986, mlipoamua kwamba maumivu, ulemavu na huzuni ya mtu aliyeumizwa haviwezi kuzidi dola 350,000, hata ushahidi useme nini. Baadaye mkawapa madaktari na hospitali kikomo chao peke yao: dola 650,000, nacho tangu 2009 kinaongezwa dola 15,000 kila mwaka, hivyo kwa kosa lililotendeka mwaka 2025 kimefika dola 905,000. Gharama za matibabu na mshahara uliopotea havimo humo, na ni haki kulisema hilo. Lakini mtoto mchanga hana mshahara, bibi wa miaka 80 hana mshahara, na mama anayelea watoto nyumbani hana karatasi ya malipo ya kuonyesha. Sehemu kubwa ya walichopoteza wao ni kile mlichokiwekea dari. Kinachonifurahisha zaidi ni utaratibu wenyewe. Raia sita wanaapishwa, wanasikiliza mashahidi kwa siku kadhaa, wanajifungia chumbani, wanaandika, tuseme, dola milioni tatu. Sheria yenu inakataza wasiambiwe kwamba kikomo kipo. Wanarudi makwao wakiamini wametenda haki, na jaji anabaki na kalamu yake kurekebisha hesabu. Sijui mchezo mwingine ambao waamuzi wake hufichwa kanuni kwa mujibu wa kanuni.

Sisemi kwamba mlikurupuka. Kikao maalumu cha mwisho wa Desemba 2004 kiliitwa kwa sababu bima za madaktari zilikuwa zinapanda kwa kasi, na madaktari wa uzazi walikuwa wanatishia kuacha kuzalisha. Hofu ilikuwa ya kweli. Biashara haiwezi kupanga bajeti ikiwa haijui hasara yake inaweza kufika wapi, mlisema, na mimi nakubali. Naomba tu tuangalie jinsi hekima hiyo ilivyozeeka. Ili dola 350,000 za 1986 zibaki na uzito uleule, leo zingepaswa kuzidi milioni moja, kwa hiyo chini ya kikomo chenu maumivu yameshuka bei kadiri miaka inavyokwenda. Ligi ya mpira wa kikapu ya NBA nayo ina kikomo, cha mishahara. Msimu wa 1984-85 kilikuwa dola milioni 3.6 kwa timu, na msimu wa 2025-26 kimekuwa karibu dola milioni 155, zaidi ya mara 40. Tofauti ni ndogo tu: wachezaji wana chama, na kikomo chao hujadiliwa mezani wakiwepo. Wagonjwa wa mwaka kesho hawajajuana bado.

Sasa tuje kwenye simu. Tarehe 23 Novemba 2022, baada ya wapigakura kuikubali kamari ya michezo mwaka 2020, mliwafungulia watu wa jimbo hili kubeti mtandaoni. Mwenye miaka 21 anaweza kupoteza mshahara wa mwezi kati ya robo ya kwanza na ya pili ya mechi moja, na hakuna mstari wa sheria unaosema basi, imetosha. Hapa ndipo nilipokitafuta kifaa chenu nikakikosa. Au niseme nilikikuta upande wa pili: kampuni za kubeti zinajulikana kwa kumpunguzia dau mteja anayeshinda mara kwa mara, mpaka anaruhusiwa kuweka dola chache tu. Anayeshindwa hapunguziwi, huyo anatumiwa bonasi. Kwa hiyo mtu wa kawaida wa Maryland ana kikomo cha fidia na kikomo cha ushindi. Hasara peke yake ndiyo aliyoachiwa huru.

Mtasema basi kwamba angalau kasi ya haki ni ileile kwa wote. Tazameni mfano wa Jontay Porter, mchezaji wa Toronto Raptors katika NBA. Tarehe 20 Machi 2024 alicheza dakika tatu akatoka akidai anaumwa. Mtu mmoja alikuwa ameweka dau la dola 80,000 kwamba takwimu zake zitakuwa chini, apate zaidi ya milioni moja. Dau likazuiwa, fedha hazikulipwa, na tarehe 17 Aprili ligi ikamfungia Porter maisha. Siku 28! Mgonjwa aliyesahauliwa pamba tumboni, katika siku 28, bado anatafuta wakili atakayekubali kumsikiliza. Akimpata, ana siku 90 tangu kufungua madai kuwasilisha cheti cha mtaalamu anayethibitisha kwamba kweli alikosewa, na mtaalamu huyo asiwe mtu anayetumia zaidi ya robo ya kazi yake kwenye ushahidi wa kesi kama hizo. Siku 90, nadhani mnazifahamu: ndio urefu wa kikao chenu cha kila mwaka, na miswada mingi hufia humo.

NBA yenyewe naitaja kwa heshima, kwa kuwa angalau katika kukiri makosa ina haya. Tangu Machi 2015 inachapisha ripoti ya dakika mbili za mwisho za mechi zilizobanana, ikieleza refa alikosea wapi. Matokeo hayabadiliki, ni kweli, na shabiki aliyedhulumiwa anabaki na karatasi. Lakini kosa limekiriwa kesho yake kwa maandishi, bila mtu kudai cheti. Hospitali gani ina ripoti ya dakika mbili za mwisho?

Tena kuna lile la uzembe wa kuchangia. Maryland, tangu 1847, inashikilia kwamba mdai akichangia kosa hata asilimia moja, hapati kitu. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ya jimbo ilisikiliza kesi ya mtu aliyening'inia kwenye mwamba wa goli la soka, goli halikufungwa chini, likamwangukia usoni. Juri ilisema chama cha soka kilizembea, ikasema naye alichangia. Akaondoka mikono mitupu, na majaji wakasema kanuni hiyo, ikibadilishwa, ibadilishwe na ninyi. Uingereza, ilikozaliwa mwaka 1809, iliizika mwaka 1945. Nairobi, abiria wa matatu akigombana na bima, jaji hugawa lawama themanini kwa ishirini na kila mtu akabeba fungu lake. Sisi Rockville tunaendelea na kauli moja: yote au hakuna. Na tukirudi kwenye kikomo cha fidia, mtu akiteremka Red Line na kuvuka mpaka pale Friendship Heights, anaingia Washington, ambako maumivu ya mgonjwa hayana dari. Ni kituo kimoja tu baada ya Bethesda.

Kwa hiyo naleta mswada, nao hauna neno jipya hata moja. Kampuni ya kubeti isichukue kwa mtu mmoja zaidi ya dola 350 kwa mwaka, nacho kikomo hicho kiongezwe dola 15 kila Januari. Kabla ya kupokea dau, ilete cheti cha mtaalamu kwamba mteja ana nafasi ya kweli ya kushinda, na mtaalamu huyo asiwe anapata zaidi ya robo ya kazi yake kwa kampuni za kamari. Na ikibainika kampuni ilichangia hasara hata asilimia moja, kwa ujumbe wa usiku wa manane au kwa bonasi ya kumrudisha aliyekwisha acha, irudishe zote. Mkuki huo mmeshauchonga, mtuonyeshe tu kwamba haukutengenezwa kwa nguruwe peke yake.

Najua majibu yatakayokuja. Mchezaji kamari amechagua mwenyewe, mtasema, na anaweza kujiwekea kikomo kwa hiari au kuomba afungiwe. Sawa, amechagua. Lakini basi aliyelazwa chini ya taa za chumba cha upasuaji, akiwa usingizini, alichagua nini hata yeye ndiye apewe kikomo cha lazima? Mtasema pia kwamba kodi, ambayo mwaka 2025 mliipandisha kutoka asilimia 15 hadi 20 kwa kamari ya mtandaoni, inasaidia shule. Inasaidia. Nashangaa tu kwamba katika fidia mmeona ni lazima kuwalinda wanaolipa na katika kamari mkakaa mezani na wanaopokea. Mwaka 2024 Baraza la Wajumbe lilipitisha hata mswada wa kasino za mtandaoni, Seneti ikaulaza. Kwa hilo naishukuru Seneti, ingawa sijui kama ilikuwa usingizi au busara.

Kikao chenu hufungwa Aprili, na mechi za mtoano za NBA huanza Aprili hiyohiyo. Wizards, kwa mazoea ya miaka ya karibuni, hawatakuwamo, kwa hiyo jioni zenu zitakuwa wazi. Mswada nimeuambatanisha. Una kurasa mbili.

Wenu mtiifu hadi kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria,

Mkazi wa Rockville