Kukaza Breki za Land Rover Kuukuu

Breki za drami za Land Rover za Series II, IIA na III, zilizoundwa Uingereza kati ya 1958 na 1985, hazijikazi zenyewe. Kadiri gari linavyotembea, viatu vya breki hulika na nafasi kati yao na drami huongezeka. Habari hiyo humfikia dereva kwa mguu: pedeli iliyokuwa ikishika juu huanza kushika chini, kisha haishiki mpaka ikanyagwe mara ya pili. Hapo huzaliwa ustadi wa kupiga pampu, ambao wenye magari haya huuzoea kiasi cha kusahau kwamba ni ubovu. Anayeazima gari haambiwi neno mpaka afike kwenye mteremko, na hata hapo huambiwa kwa sauti ya lawama: "Si upige pampu!"

Kukaza kwenyewe ni kazi fupi. Inayorefuka ni ile inayoizunguka, kuanzia mahali pa kuegesha. Fundi anayejiamini huvuta handibreki, huweka jeki chini ya ekseli ya nyuma na kupiga magoti. Handibreki ya gari hili, hata hivyo, haishiki gurudumu lolote. Ina drami yake nyuma ya gia boksi ndogo, nayo hushika propela ya nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, difu huliachia lizunguke linavyotaka, na lile lililobaki chini hupata ruhusa hiyo hiyo ya kubingirika. Gari huondoka polepole, handibreki ikiwa imevutwa hadi mwisho, na jeki hulala kifudifudi. Kinga ni uwanja tambarare na mawe mawili mazito, moja mbele na moja nyuma ya gurudumu lisiloguswa. Utingo anayeruka na gogo lake kabla gari halijatulia anaielewa handibreki hiyo kuliko tajiri wa gari.

Kinachofuata ni kuitafuta ajasta. Ni bolti iliyochomoza nyuma ya bamba la breki, upande wa ndani wa gurudumu, na kwa kawaida imevaa koti la matope na grisi lisilovuliwa tangu gari linunuliwe. Gari fupi la inchi 88 lina ajasta moja kwa kila gurudumu. Refu la inchi 109 lina mbili kwa kila gurudumu la mbele, kwa sababu kila kiatu kina silinda yake na ajasta yake. Wengi huipata ya kwanza, hufurahi, na huondoka. Gari hilo hubaki na kiatu kimoja kinachofanya kazi na kingine kinachosindikiza.

Bolti iliyokamatwa na kutu huombwa, haiamrishwi. Brashi ya waya hutangulia, kisha mafuta ya kulainisha kutu, kisha subira. Spana iliyolegea huila bolti pembe zake, na tangu hapo kila anayepita njiani huwa na ushauri: mmoja hutaka nyundo, mwingine moto, wa tatu husema tatizo ni hewa ingawa hajauliza gari lina nini. Ushauri wa moto haufai karibu na sili za mpira na mafuta ya breki.

Ajasta ikikubali, huzungusha kipande cha chuma chenye umbo la gamba la konokono, ambacho husukuma kiatu kuelekea drami. Huzungushwa mpaka gurudumu ligome kabisa, halafu hurudishwa kidogo kidogo mpaka gurudumu lizunguke huru. Kisha pedeli hukanyagwa kwa nguvu ili viatu vikae mahali pake, na gurudumu hujaribiwa tena. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa, kwa sababu jua linazama na mawe yanahitajika kwingine. Kama kipande hicho kimefika mwisho wake na gurudumu bado linazunguka, viatu vimekwisha, na hakuna spana itakayovirudisha.

Yapo mengine ambayo kukaza hakuyaponyi. Pedeli laini inayobonyea ina hewa kwenye mabomba. Gari linalovuta upande mmoja huenda lina kiatu kilicholowa mafuta ya ekseli kwa sababu ya sili ya habu iliyokufa. Drami iliyotoka kuvuka mto haishiki mpaka ikaushwe kwa kukanyaga breki kidogo kidogo gari likitembea. Birika la mafuta ya breki likipungua, haliongezwi mafuta ya injini, kwani huvimbisha mpira wa silinda zote; na magari mengi ya Series II na IIA yana njia moja tu ya mafuta, hivyo tundu moja huziua breki za magurudumu yote manne. Drami ikifunguliwa, vumbi lake halipulizwi kwa mdomo: viatu vya zamani vilikuwa na asbesto. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji.

Handibreki hukazwa kwa bolti yake kwenye drami ya propela: huzungushwa mpaka viatu vishike, kisha hurudishwa milio miwili. Kuivuta gari likiwa mwendoni hutikisa propela na difu, na kuwafundisha abiria dua walizozisahau.

Majaribio hufanywa polepole, mahali tambarare, kwenda mbele na kurudi nyuma. Kurudi nyuma kuna sababu yake: viatu vya mbele vya gari la inchi 109 hushika kwa nguvu likienda mbele, lakini likirudi nyuma mshiko wao hupungua sana, jambo ambalo madereva wengi hulijulia katikati ya kilima baada ya injini kuzima. Baada ya mwendo mfupi, kila drami husogezewa kiganja bila kuguswa. Iliyo moto kuliko wenzake imekazwa kupita kiasi, na ajasta yake hulegezwa kidogo. Zikilingana joto, na pedeli ikishika kwa mkanyago mmoja, kazi imekwisha, na dereva wa siku nyingi hana budi kujizoeza kutopiga pampu.