Jinsi ya Kumuua Pundamilia kwa Kihispania

Mahitaji: gari moja la watalii, Wahispania sita, pundamilia mmoja aliyekwisha kufa, na ulimi uliolelewa kwa Kiswahili. Silaha haihitajiki.

Wapeleke wageni wako Seronera, katikati ya Serengeti, palepale ambapo jana mlimwacha simba jike akimvizia pundamilia. Bibi aliyeketi nyuma yako atauliza yule pundamilia mzuri yuko wapi. Jibu kwa kujiamini, kama nilivyojibu mimi: "La mato." Nilikusudia kusema simba alimuua. Nilichosema ni "namuua". Tena nilikisema huku nikitabasamu, maana tumefundishwa mgeni ajibiwe kwa tabasamu. Bibi wa watu akafunga mkanda.

Neno nililolihitaji ni mató, mkazo mwishoni: yeye aliua. Ukiurudisha mkazo nyuma silabi moja unapata mato: mimi naua. Shahidi na mshtakiwa wanatenganishwa na pumzi. Nasi, toka utotoni, mkazo wetu tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho: samáki, serikáli, karibúni. Kwa hiyo Mswahili anayeanza Kihispania hukiri makosa ya watu siku nzima. Hata hotelini. Pagó ni "alilipa", pago ni "nalipa". Ukitaka kumweleza mhudumu kwamba mwenzako amekwisha kulipa, kwanza papasa pochi yako.

Tusisingizie ulimi, uwezo unao. Tunasema barabára kwa maana ya njia na barábara kwa maana ya sawasawa, na sijaona dereva aliyepotea hapo. Kilichotudekeza ni -li-. Niliua, uliua, aliua, waliua: -li- ileile, imekaa katikati kama nguzo ya nyumba, haimuulizi mtu jina wala idadi. Mhispania yeye kaweka kila kitu mkiani: maté, mataste, mató, matamos, matasteis, mataron. Usipousikia mwisho wa neno, humjui muuaji. Antonio de Nebrija alipochapisha sarufi yake ya Kikastilia, yaani Kihispania hikihiki, huko Salamanca, Agosti 1492, Columbus alikuwa amekwisha kutia tanga wiki mbili nyuma. Wanasema alitafuta njia ya kwenda Mashariki. Mimi nina mashaka yangu.

Sasa njia za kukwepa. Ya kwanza ni kujificha ndani ya "sisi". Matamos ni "tunaua", na matamos hiyohiyo ni "tuliua"; hablamos na vivimos nazo ni hivyohivyo, leo na jana hazina tofauti. Hapo hakuna wa kukukosoa. Ubaya wake ni kwamba gari zima, bibi akiwamo, sasa mmeshirikiana kuua. Wala usiendelee hadi kwenye mlo, kwa sababu comemos ni "tunakula" na comimos ni "tulikula", maficho yanaishia hapo.

Njia ya pili inawapendeza sana wavivu, nami nimo. Kimbilia wakati uliopita wa hali ya kuendelea: mataba. Mkazo wake uko pale ulimi wetu unapoupenda, na vitenzi visivyofuata kanuni humo ni vitatu tu, ser, ir na ver. Raha tupu. Lakini la mataba ni "alikuwa akimuua", na mgeni atangoja kusikia kilichofuata. Akafa? Akaponyoka? Nimewahi kumwacha pundamilia katika hali hiyo tangu asubuhi hadi chakula cha mchana, hafi wala haponi, huku watu wazima wakimhurumia.

Ya tatu inataka msaada wa simba mwenyewe: aue leo, asiue jana. Mtu wa Madrid akisimulia la leo husema la ha matado, "amemuua", mkazo tena ukiwa mahali petu. Ichukulie ha kama -me- iliyovaa koti. Ila ukipangiwa Wameksiko, njia hii imeziba. Wao hata la asubuhi ya leo kwa kawaida ni mató tu.

Halafu kuna vile vitenzi vikaidi ambavyo kila kitabu kinakutisha navyo: tuvo, dijo, puso, hizo, vino. Nilivikariri kwa hofu wiki nzima kabla sijavisikia vizuri. Vyote vina mkazo silabi ya pili kutoka mwisho! Vikaidi ni vyao. Kwetu vinatamkika kama maji ya kunywa. Hizo, "alifanya", tunayo hata sisi, ingawa kwetu haifanyi kitu. Vino ni "alikuja" na pia ni mvinyo, kwa hiyo el vino vino ni sentensi kamili, na ukiitamka vizuri mezani inaweza kukuletea glasi.

Kwa hiyo, ndugu mwongozaji, anza na vikaidi, kisha rudi kwenye mató ukiwa peke yako kwenye gari, vioo vimefungwa. Itamke mara hamsini. Nasisitiza vioo vifungwe. Na yule bibi, popote alipo, ajue kwamba pundamilia wa Seronera aliuawa saa kumi na mbili jioni, siku ileile tuliyomwacha, wakati mimi nilikuwa nakunywa chai.