Buti za Bibi wa Kahawa

Mgeni atokaye Nairobi kuelekea vilima vya Ngong, akiisha kulipa kiingilio chake, huingia kwa adabu, kana kwamba amekuja kuzuru kaburi la walii, katika nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1912, alimokaa tangu 1917 hata 1931 Karen Blixen, bibi wa Kidenmaki aliyejitahidi miaka yote hiyo kuishurutisha mibuni istahimili baridi ya huko juu, nayo ikakataa katakata, akafilisika, akarejea kwao kutunga vitabu. Shamba likakatwa viwanja, na mtaa ulioota mahali pa mibuni, makazi ya wenye nafasi zao, waitwa Karen: jina likastawi pale kahawa iliposhindwa. Nyumba yenyewe ilifunguliwa kuwa makumbusho 1986, mwaka mmoja baada ya filamu ya maisha yake kutoka, na wala msidhani ni sadfa. Humo nilimwona mzee mmoja wa ng'ambo amesimama mbele ya buti za kupandia farasi, kofia mkononi, machozi yakimlengalenga. Alipoambiwa kwamba hizo zilivaliwa na mwigizaji, si na marehemu, alirudi nyuma hatua moja, akazitazama upya kwa taadhima iliyozidi ile ya kwanza.