Sifa za Mchwa, Mkaguzi wa Nyumba Mpya

Ngamia ana washairi wa kutosha, leo apumzike. Zamu hii ni ya mdudu mdogo mweupe, asiye na macho, ambaye hapa Tarbaj kila aliyejenga nyumba ya mawe na mabati anamfahamu, na bado hajatungiwa hata ubeti mmoja.

Tuanze na nasaba, maana kwetu mtu hasifiwi kabla ya kutajiwa ukoo. Wa mchwa ni mkongwe, na umetajwa ndani ya Kurani. Katika sura iitwayo Saba, Nabii Suleiman alifariki akiwa ameegemea fimbo yake, na majini wakaendelea kutaabika wakidhani anawasimamia, mpaka mdudu wa ardhini alipoitafuna fimbo ile. Majini na ujuzi wao wote hawakujua kitu. Mdudu ndiye aliyetoa habari. Kazi yake tangu hapo ni ileile.

Chukua mtu aliyejinyima miaka, akauza mifugo, akakabidhiwa funguo. Rangi bado inanuka. Fundi ameapa kwamba msingi umetiwa dawa na mbao, zilizokuja kwa lori kutoka kusini mwa nchi, "Kenya" kama wasemavyo wazee, ni ngumu. Kisha mvua za gu zinanyesha, na kando ya fremu ya mlango unajitokeza mstari mwembamba wa udongo, unapanda taratibu kuelekea darini. Ukiukwangua kwa ukucha, vidudu vyeupe vinatawanyika vikikwepa mwanga. Kesho yake asubuhi ufa umezibwa, udongo ungali mbichi. Hebu bonyeza fremu yenyewe kwa kidole gumba. Rangi inabonyea, ndani hamna mbao.

Ripoti imewasilishwa. Haina muhuri, haikudai posho ya kikao, wala mkaguzi hakuketishwa hotelini kwa chai ya maziwa ya ngamia kabla ya kuiandika. Inasema mbao zilikuwa laini. Inasema dawa ya msingi ilibaki dukani. Inasema pia kwamba kiwanja kile kilichoonyeshwa kikiwa tambarare kilikuwa na kichuguu, kikasawazishwa kwa jembe kabla ya mnunuzi kufika, malkia akaachwa chini akiendelea kutaga mayai yake kwa maelfu kila siku.

Nani mwingine katika Kaunti ya Wajir anayekagua bila kuuliza ukoo wa mwenye nyumba? Mchwa hula fremu ya mwalimu na ya chifu, ya mfanyabiashara na ya mjane, kwa hamu ileile. Na elimu anaipenda. Fungua sanduku lililo chini ya kitanda: jalada la kitabu lipo zima, kurasa zimesomwa zote zikaisha. Mkataba wa mauziano ndio aghalabu huanza nao.

Kwa ujenzi, naye si wa kubezwa. Msanifu Mick Pearce alipobuni jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa mwaka 1996, alijifunza kutoka kwa vichuguu namna ya kuingiza hewa na kupunguza joto. Sisi tumejifunza bati. Saa tisa alasiri mwenye nyumba mpya anakimbilia kivuli cha mti, huku mchwa, chini ya sakafu aliyoilipia mwenzake, wanalima uyoga wao kwenye unyevunyevu.

Wapo wanaomtukana. Wamempaka oili chafu ya gari, wamemmwagia jivu, wamesimamisha miguu ya kitanda ndani ya makopo ya mafuta ya taa. Yeye huzunguka nyuma, akapanda ukutani, akashukia darini. Bandubandu huisha gogo, na yeye hana haraka.

Lakini waulizeni akina ayeyo, bibi zetu. Walipinda vijiti, wakatandika mikeka, nyumba ya aqal ikasimama; malisho yakiisha wakaifumua na kuipakia mgongoni mwa ngamia. Mchwa alikuta mafiga na majivu tu. Hakuwa na kesi nao. Sisi ndio tuliokuja na mbao, tukazipigilia misumari juu ya mji wake, kisha tukamwita mvamizi. Mwenyeji ni yeye.

Basi heshima anayostahili si ya maneno matupu. Mikataba ya ujenzi wa Tarbaj iongezwe kifungu kimoja: salio la fundi lisilipwe siku ya kukabidhi funguo, siku ambayo kila nyumba ni nzuri. Lisubiri gu moja ipite. Mkaguzi akae kimya msimu mzima, fundi achukue haki yake yote na shukrani juu. Akisema, mwenye nyumba na fundi wakae chini ya mti, na wazee wawepo, fundi aeleze dawa ya msingi ilikwenda wapi.