Barua ya Wazi kwa Kamati ya Michezo: Tunaomba Kijiti Kifutwe

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Michezo ya Shule za Sekondari,
Mkoa (jina nalihifadhi, mshahara wangu unapitia huko huko).

YAH: OMBI LA KUFUTA MBIO ZA KUPOKEZANA VIJITI

Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu. Itifaki imezingatiwa. Kwa kweli mwaka huu hakikuzingatiwa kingine.

Kwanza pokea pongezi zangu. Mashindano yalifana. Mahema yalikuwa meupe pe, viti vimevishwa vitambaa na kufungwa riboni mgongoni, maji ya chupa yalikuwa ya baridi, na muziki ulisikika hadi kijiji cha pili. Mimi nilileta wasichana wanne na mmoja wa akiba, nikakaa nao chini ya mwembe, na kutoka pale nilikuwa nawaona vizuri wote waliokaa hemani. Naweza kushuhudia kwamba hakuna hata mmoja wao aliyelalamika.

Sasa ombi. Naomba mbio za kupokezana vijiti zifutwe katika ratiba ya shule zetu, za mita 100 mara nne na za mita 400 mara nne, za wavulana na za wasichana. Siombi kwa hasira, Mheshimiwa. Naomba kwa kuwahurumia ninyi. Katika michezo yote ya uwanjani huu ndio unaowaumbua, na sioni kwa nini kamati yenye watu wazima wenye familia zao ijitafutie aibu kila mwaka.

Tazama mbio ndefu zilivyo na adabu. Mtoto wa mbio ndefu hawadai ninyi kitu. Anakimbia kwenda shule, anakimbia kurudi, mama akimtuma dukani anakimbia tena. Siku akishinda mnapiga naye picha, na hakuna atakayeuliza mlimpa nini. Hivyo ndivyo nchi hii ilivyopata heshima zake. John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 mguu ukiwa na bandeji. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.2. Suleiman Nyambui alirudi na fedha ya mita 5000 kutoka Moscow mwaka 1980. Juzi tu, Septemba 2025, Alphonce Simbu kawa bingwa wa dunia wa marathoni huko Tokyo, kamzidi Mjerumani kwa sekunde 0.03 baada ya saa mbili na dakika tisa za kukimbia. Mtu mmoja, miguu miwili na barabara. Na barabara ni ya wizara nyingine, kwa hiyo hata mashimo hamuulizwi ninyi.

Kijiti hakina adabu hiyo. Kijiti kinataka watu wanne waliozoeana, kinataka mistari, na kinataka mtu mzima aliyepima kwa futi kamba kabla watoto hawajaamka. Yaani kinataka kamati. Ndiyo maana nasema kinawachongea.

Hesabu yake inauma. Rekodi ya Usain Bolt ya mita 100 ni sekunde 9.58. Zidisha mara nne, unapata 38.32. Lakini Jamaika, Bolt mwenyewe akiwa mkimbiaji wa mwisho, ilikimbia mita 100 mara nne kwa sekunde 36.84 London mwaka 2012. Hizo sekunde zaidi ya moja zimetoka wapi? Zimetoka kwenye kupokezana. Wakimbiaji watatu kati ya wanne hupokea kijiti wakiwa tayari wanachanja mbuga, hawaanzi kutoka kwenye kusimama. Wajapani walilielewa hilo kuliko wote. Rio mwaka 2016 walichukua fedha kwa sekunde 37.60, na siku ile hapakuwa na hata mmoja kati yao aliyewahi kukimbia mita 100 chini ya sekunde 10. Walikuwa wamefanya mazoezi ya mikono. Marekani, yenye watu wa kasi hadi inawasahau wengine nyumbani, ilivuka mstari wa mwisho katika tatu bora ikafutwa, kwa sababu kijiti kiliguswa na mpokeaji kabla hakijaingia eneo la kupokezana.

Nakuomba uliweke akilini hilo neno, Mheshimiwa: eneo. Rio eneo lilikuwapo. Lilichorwa.

Sheria ya mchezo inasema kijiti ni bomba laini, lenye uwazi ndani, urefu sentimita 28 hadi 30, uzito usiopungua gramu 50, na kiwe na rangi inayoonekana kwa urahisi. Kwenu tulikabidhiwa vipande vitatu vya bomba la maji, vilivyokatwa kwa msumeno na kuachwa na meno mdomoni. Timu zilikuwa sita. Timu ya tatu kutoka ndani ilikimbia na kipande cha mpini wa ufagio, iliyofuata ilikimbia na daftari lililoviringishwa na kufungwa mpira wa manati, na ya sita nadhani ilikuwa na tochi. Sikufuatilia vizuri, nilikuwa na yangu.

Yangu yalikuwa haya. Wasichana wangu wa mita 100 mara nne walikuwa wakifanya mazoezi tangu shule zifunguliwe, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla ya namba. Anayepokea hageuki. Anatazama mbele, anaanza kukimbia mwenzake akikanyaga alama, akisikia "Shika!" anapeleka mkono nyuma, kiganja wazi, dole gumba limeachana na vidole. Mkono ukitetemeka, kijiti hudondoka, na sheria inamtaka aliyekidondosha akiokote mwenyewe. Mkimbiaji wetu wa tatu, wa kidato cha tatu, anakimbia peku kwa hiari yake kwa sababu raba za kuazima humvuka kwenye kona. Pokezi la pili lilikwenda kama tulivyolifanya kule shuleni, safi, bila mtu kupunguza mwendo. Nikasimama. Hata wale wa hemani wawili walisimama, ingawa mmoja nadhani alikuwa anatafuta mtandao.

Msimamizi wa kona akanyanyua bendera nyekundu. Nikamfuata nikamuuliza kosa. Akasema wamepokezana nje ya eneo. Nikamuuliza, eneo lipi? Akasema, "Lile," akaonyesha nyasi kwa ncha ya kiatu. Akaja msimamizi mwenzake wakabishana: mmoja alisema eneo ni mita 20, mwingine mita 30. Nataka niwatendee haki, wote wawili walikuwa sahihi, isipokuwa wa kwanza alikuwa sahihi hadi mwaka 2017. Lakini iwe 20 au 30, chini palikuwa na nyasi na kinyesi cha mbuzi tu. Yule binti alikuja akiwa bado amekishika kijiti kwa mikono miwili kifuani, hajamkabidhi mtu, akaniuliza, "Mwalimu, mstari ulikuwa wapi?"

Mstari ulikuwa katikati ya uwanja, Mheshimiwa. Ulikuwa umeandikwa KARIBU MGENI RASMI kwa herufi ambazo kila moja ilinizidi urefu, na chini yake pakachorwa ua. Chokaa yote iliishia kwenye lile ua. Niliuliza stoo nikajibiwa kwamba ilinunuliwa mifuko miwili, na kwamba Karibu imekula mmoja na robo.

Mgeni Rasmi mwenyewe alitarajiwa saa tatu asubuhi akafika saa saba mchana. Simlaumu, ana majukumu. Watoto walikuwa wamepasha misuli saa mbili, wakapoa, wakapasha tena kila mtu alipopiga kelele kwamba msafara umeonekana, wakapoa tena. Msafara uliingia kwa kukata uwanja kupitia kona ya pili, ambako hata ile alama ya majivu tuliyochora wenyewe na mwalimu wa shule jirani ilikwenda na matairi. Kisha ikaja hotuba. Tulielezwa kwamba michezo ni ajira, michezo ni afya, michezo ni umoja. Saa nane na nusu juani, mmoja wa wavulana akaanguka, akabebwa, na hotuba ikaendelea kwenye afya.

Kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha, mita 400 mara nne za wavulana na za wasichana mkaziunganisha ziwe mbio moja. Hapo nawavulia kofia. Wenzenu wa Olimpiki nao wana mita 400 mara nne za mchanganyiko, walianza Tokyo mwaka 2021, ila wao huweka wavulana wawili na wasichana wawili katika kila timu. Nyie mliweka wavulana dhidi ya wasichana. Naona ni kwa ajili ya usawa wa kijinsia.

Kuhusu rufaa, nilikwenda mezani nikaambiwa rufaa ina ada na lazima iwasilishwe ndani ya dakika 30 tangu matokeo yatangazwe. Ni kweli, sheria ndivyo inavyosema. Ada ilizidi posho yangu, hilo nalo nimelikubali. Matokeo yalitangazwa usiku, wakati sisi tuko kwenye Fuso njia ya nyumbani, tukiimba.

Najua utetezi wenu, kwamba kijiti ni mchezo wa nchi tajiri. Naomba msiutumie mbele ya watu wanaosoma magazeti. Jirani zetu Kenya walishinda dhahabu ya mita 400 mara nne kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Na Tokyo ile ile ya Simbu, Septemba 2025, Botswana ilikuwa bingwa wa dunia wa mita 400 mara nne, mbele ya Marekani. Botswana haina watu milioni tatu. Wana ng'ombe, wana jangwa, na inaonekana wana mtu mwenye chokaa.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, futeni. Bakini na marathoni, na kama hata marathoni itaonekana ina gharama, bakini na kuvuta kamba, maana kamba mnayo, ndiyo iliyozungushiwa mahema. Watoto wataendelea kukimbia kivyao, na siku mmoja wao akifika Tokyo, kiti chenu kwenye picha kipo.

Ila ikiwa kufuta kunahitaji kikao, na kikao kinahitaji posho, basi nina ombi mbadala la gharama ndogo. Vijiti sita vya urefu mmoja, vipigwe msasa mdomoni. Futi kamba moja ya mita 50. Mifuko miwili ya chokaa, ikabidhiwe kwa mwalimu yeyote wa michezo jioni ya kuamkia mashindano, isipite kwa kamati ya mapokezi. Na mbio za kijiti zikimbiwe saa mbili asubuhi, Mgeni Rasmi awe amefika au bado yuko njiani. Akikuta wameshamaliza, awape mkono.

Yule binti aliyekimbia wa tatu yuko kidato cha tatu, kwa hiyo amebakiwa na mwaka mmoja. Mashindano yajayo ni Juni, na chokaa inauzwa duka la vifaa vya ujenzi lililo mkabala na ofisi yenu, linafunguliwa saa moja na nusu.

Nawasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Michezo (na Jiografia, na nidhamu, na zamu ya jikoni).